Kipande cha Boksi

Vunivesi, Taveuni
8 Machi 1998

Vilikesa, mla vya watu,

Sisi huku wazima. Hofu si kwako, hofu ni kwa hao Waaustralia wanaokulisha. Baba anakusalimu wewe mpwa wake na anauliza kama umeshajifunza kuoga maji baridi. Shangazi, mama yako, hajambo kabisa. Jumapili aliimba kanisani kwa sauti mpaka mchungaji akapoteza mstari. Mke wangu Unaisi anamsukia mwanao mkeka. Nimemwambia asijisumbue, mtoto akifanana na wewe bora alale chini.

Ule uwongo wa mizani bado sijakusamehe. Uliniandikia kwamba huko Queensland mwombaji kazi hupimwa kilo na mzito ndiye anayechukuliwa. Nikala miezi mitatu bila kupumzika. Nikaenda Suva kwa yule mtu wa kuajiri, nimenona kama nguruwe wa harusi, nikasimama mbele ya meza yake nikamwambia, "Nipime." Mpaka leo kijiji kizima kinaniita Nipime, hata watoto wadogo wa shule ya Jumapili. Mungu anakuona.

Sasa shida iliyonifanya nikuandikie. Ile eskaveta ndogo ya kuchimbia ya kijiji, tuliyoinunua kwa kuuza yaqona, mizizi yetu ya kunywa, ya shamba la pamoja, inavuja mafuta ya haidroliki. Kila asubuhi nakuta kidimbwi chini yake. Nikiuinua mkono wa mashine na kuuacha juu, unashuka wenyewe taratibu kama mzee anayesinzia. Ninachimba mtaro wa mabomba kutoka chemchemi hadi shuleni, na nimefika nusu. Mvua kubwa zikianza kabla sijamaliza, mtaro utafukiwa wote na watoto wataendelea kubeba madumu mwaka mwingine. Mimi ndiye niliyesimama mkutanoni nikasema naweza. Wewe kazi yako ni kutengeneza mashine hizi. Niambie nianzie wapi.

Binamu yako mwenye bahati mbaya ya kuwa binamu yako,
Emosi


Ipswich, Queensland
2 Aprili 1998

Nipime,

Barua yako imefika ikinuka samaki, nikajua ni yako kabla sijaifungua. Mke wangu Merewai hajambo. Losalini ana meno mawili na ananiuma nayo. Desemba tunamleta Vunivesi ili kijiji kimwone sura. Nitakuja na jino la nyangumi kama desturi, na wewe ndiwe utakayelipokea kwa niaba ya ukoo. Nani mwingine ana mikono misafi kama mtu asiyefanya kazi?

Haya, sikiliza. Usinunue kitu bado. Mafuta huteremka na hutambaa, kwa hiyo yanapodondokea sipo yanapotokea. Ioshe mashine yote kwa sabuni na mafuta ya taa, ikauke. Nyunyiza unga au majivu kwenye viungo vyote vya mabomba, iwashe dakika kumi, kisha zima. Palipogeuka tope ndipo penye ugonjwa. Kabla ya kufungua kiungo chochote, laza ndoo ya mashine chini, zima injini, tikisa vijiti vya kuendeshea mpaka presha iishe. Ndani ya kiungo utakuta mpira wa duara. Ukiwa umebonyea, weka mpya, wala usikaze kwa hasira.

Mkono wa mashine ukiendelea kushuka, tazama ile mipira mirefu inayokwenda kwenye silinda yake. Inaweza kuwa na tundu dogo usiloliona, mafuta yanatoka kama pumzi. Hapo watu wenye akili huchukua kipande cha boksi, wakakipitisha polepole kando ya mpira mpaka boksi lilowe. Wewe usihangaike na boksi. Tumia mkono wako, angalau siku moja katika maisha yako ufanye kazi. Mafuta ya presha ile hupenya ngozi kama sindano na wala husikii maumivu ya maana. Unadhani ni mwiba, kesho yake mkono unavimba, keshokutwa unakuwa mweusi. Lakini wewe usiogope, ngozi yako nene.

Aliyekukimbia kwa kupanda ndege,
Vilikesa


Vunivesi
30 Aprili 1998

Mwongo mkuu,

Tunaendelea vizuri. Baba goti linamsumbua lakini bado anawashinda vijana kupanda magimbi ya dalo. Unaisi alikataa kunipa unga, akasema mashine ile mlevi tayari, haiwezi kulishwa mikate juu yake, basi nikatumia majivu. Na kweli! Chini ya kiti majivu yakawa tope. Mpira wa duara ulikuwa umekufa kabisa, umebapa kama sarafu. Mwingine umekuja kwa meli ya Alhamisi. Kidimbwi cha asubuhi kimekwisha. Nakupa heshima nusu kikombe.

Lakini mkono bado unashuka, na kila siku mbili naongeza mafuta. Itakuwa ni hiyo mipira mirefu.

Jana usiku niliisoma barua yako kwenye bakuli la yaqona. Nilipofika kwenye mafuta yanayopenya mwili kama sindano, wanaume walicheka mpaka Baba akamwaga kikombe chake. Yule Kitione tuliyekua naye akasema, "Kwanza mizani, sasa mafuta ya kichawi! Huyu Vili anakupenda sana." Hapana, mwanangu. Umenipata mara moja, mara mbili hunipati. Sitaonekana na kijiji nikiwa nimeshika boksi mbele ya mashine kama mwizi wa kuku. Kesho naiwasha, naipapasa kama daktari.

Nipime


Ipswich
24 Mei 1998

Daktari wa mashine,

Kwetu salama, Losalini amepata jino la tatu. Hapa karakana kazi ni nyingi, wateja wote wanataka mashine zao jana.

Nimesoma barua yako wakati wa chai nikacheka mpaka msimamizi wangu akaniuliza nina nini. Eti kupapasa! Najua boksi ulishalitumia kimyakimya nyuma ya nyumba, maana wewe ndiwe uliyepanda juu ya mwembe wa shule ukakaa huko mpaka jioni siku ya sindano za chanjo. Nakutumia mpira mpya, nimeukata na kuubana mwenyewe, ncha zote mbili. Ulinganishe na wa zamani kabla ya kufunga. Uhakikishe hausuguani na chuma popote, ndicho kilichoutoboa wa kwanza.

Ukimaliza kupapasa niandikie.

Vilikesa


Ipswich
5 Julai 1998

Nipime, umekufa? Mpira ulifika? Merewai anasema nimekuudhi. Nimemwambia mtu hawezi kumuudhi tavale wake, binamu wa utani, hata akijaribu kwa mashahidi.

V.


Vunivesi
19 Julai 1998

Vili,

Sote wazima. Mpira ulifika, Kitione ameufunga, hauvuji. Mtaro unaendelea. Mama yako hajambo.

Emosi


Ipswich
9 Agosti 1998

Wewe,

Mistari mitatu baada ya miezi mitatu! Na huo mwandiko, kuku wa nani amekuandikia barua hii? Alitoka matopeni akapita juu ya karatasi au ulimshika miguu? Nimemwonyesha Merewai, akadhani ni Losalini kapata kalamu. Marehemu mchungaji aliyekufundisha kuandika akiiona atarudi kaburini kwa mara ya pili.

Na kwa nini Kitione ndiye aliyefunga mpira? Nilijua. Umeajiri mtu akufanyie kazi, wewe umelala. Jiandae kwa Desemba. Jino nimeshalipata, kubwa, la rangi ya asali, lina kamba ya zamani. Usije ukaliangusha.

V.


Vunivesi
6 Septemba 1998

Vili,

Barua yako niliisoma peke yangu. Unaisi alitaka kukuandikia tangu mwezi wa tano, nikamkatalia. Mama yako naye nilimwapisha. Usiwalaumu.

Mwandiko ule ni wa mkono wa kushoto. Wa kulia sina.

Nilifanya kama nilivyosema. Tarehe moja Mei niliwasha injini, nikauinua mkono wa mashine, nikapitisha kiganja chini ya mpira. Palikuwa na kitu kama mwiba wa mlimau. Nikatazama, nikaona kidoa kidogo, wala damu haikutoka. Nikafuta kiganja kwenye suruali nikaendelea na kazi. Jioni nikaenda kwenye bakuli, nikanywa, nikapiga makofi yangu matatu kama kila mtu anayemaliza kikombe. Yale ndiyo yalikuwa ya mwisho, na mimi sikujua.

Asubuhi mkono ulikuwa umevimba kama shelisheli. Mama yako akafunga majani. Nikaikumbuka barua yako, Vili. Nikajiambia hapana, akisikia nimekwenda hospitali kwa ajili ya mwiba atanicheka mpaka nife. Siku ya tatu vidole vilikuwa vyeusi. Ndipo waliponipeleka Suva.

Daktari aliniambia ningefika siku ileile wangeupasua mkono na kuusafisha, huenda ungepona. Akauliza kama hakuna aliyenionya. Nikasema yupo, binamu yangu, aliniandikia kila kitu jinsi kilivyotokea. "Sasa kwa nini hukumsikia?" Nikamjibu, "Ni tavale wangu." Daktari ni mtu wa visiwa vyetu vya Lau, utani wa matavale anaujua. Alinitazama, akaweka kalamu chini. Walikata chini ya kiwiko.

Sikukuambia kwa sababu nakujua. Nilijua nikikuambia utaacha kunitania.

Emosi


Ipswich
27 Septemba 1998

Mpendwa ndugu yangu Emosi,

Nakusalimu kwa heshima, wewe pamoja na mjomba, dada Unaisi na jamaa wote.

Sijui nianze vipi. Sijalala sawasawa tangu barua yako ifike. Mimi nilijua. Katika kazi hii ndilo jambo la kwanza tunalofundishwa, kabla hata ya kushika spana. Hapa kuna mzee mmoja anayekosa vidole viwili kwa sababu hiyohiyo, nakula naye chakula cha mchana kila siku. Nilipaswa kukuandikia mstari mmoja tu bila mzaha. Mmoja, Emosi. Nilikuwa na karatasi, nilikuwa na wino. Kisha ukaniandikia kwamba utapapasa, nami nikacheka nikinywa chai, na wakati ule mkono wako ulikuwa umeshazikwa.

Naomba unisamehe kwa ule mwandiko wa kuku. Nikikumbuka nilivyoandika, natamani ardhi inimeze.

Desemba nitakuja na meno mawili ya nyangumi. La kwanza ni la mtoto. La pili nitapiga nalo magoti mbele yako, kuomba radhi mbele ya ukoo mzima.

Ndugu yako mwenye kosa,
Vilikesa Naulu


Vunivesi
25 Oktoba 1998

Vili,

Barua yako niliirudisha kwenye bahasha nikidhani ni ya mtu mwingine. "Mpendwa ndugu Emosi." Nilitafuta huyo ni nani.

Hilo jino la pili liache hukohuko. Jino la nyangumi hupokelewa kwa mikono miwili, kisha mtu hupiga makofi. Nitalipokeaje? Utataka nilidake kwa meno? Na hata ningekuwa na mikono mitatu nisingelipokea. Watu baki ndio wanaoombana radhi. Wewe na mimi tukianza kuombana radhi, tumekuwa nani?

Sikiliza nikwambie hali yangu. Hapa kila mtu amekuwa mpole. Baba ananipa kiti. Unaisi ananisemesha kama mgonjwa wa roho. Watoto waliokuwa wakinikimbilia na kupiga kelele "Nipime!" sasa wananiamkia na kuinama. Kitione, aliyenicheka tangu tuko na makamasi, ananiita kaka. Bakuli likinifikia nakunywa, halafu napiga paja langu kwa mkono mmoja, na wanaume wote wanageuza macho wakaangalia mlango. Sauti ile ya paja, Vili, siipendi. Mkono nimeshaulilia, umekwisha. Ila utani ulikuwa umebaki kwako tu, nyumba nzima, kisiwa kizima.

Nitoneshe nikucheke. Ndiyo dawa ninayoiomba.

Desemba keti kuliani kwangu. Nikishakunywa nitainua mkono wangu wa kushoto, nawe lete wako wa kulia, tupige makofi hayo matatu pamoja. Kijiji kitacheka, nami nitakaa sawa. Nijibu kwamba umekubali.

Maji yamebakiza hatua mia mbili kufika shuleni.

Nipime


Ipswich
15 Novemba 1998

Ndugu Emosi,

Nimekubali. Jino la pili sitaleta. Tutaondoka Brisbane tarehe kumi na tisa Desemba.

Barua hii nimeiandika mara tano. Kila nikijaribu kukuchokoza kalamu inakataa. Nivumilie, nikifika nitakuwa sawa.

Vilikesa


Vunivesi
10 Januari 1999

Vili,

Natumaini mlifika salama na Losalini hakutapika kwenye ndege. Mkeka wake mliusahau, Unaisi atautuma. Bomba la shule linatoka vizuri. Mpira wako haujavuja hata tone, Kitione anakushukuru.

Umekaa kwetu siku saba. Ulinichambulia samaki. Ulinibebea ndoo. Uliniita ndugu, ukamwambia mwanao ambaye hata kusema hajui, "Mheshimu sana baba huyu." Siku saba hukuniita Nipime hata mara moja.

Siku ya mtoto Baba alilipokea jino, nawe uliketi kuliani kwangu kama ulivyoahidi. Nilikunywa. Nikainua mkono. Niliuinua juu kabisa, watu wote waliuona, mama yako aliuona kutoka mlangoni. Nikangoja. Wewe ulikuwa unaangalia mkeka.

Nilipiga paja.

Sina hasira. Niliona ulivyoukamata ukingo wa mkeka. Lakini nimekuwa na uchungu kuliko siku ile Suva, maana kule walinipa dawa ya usingizi kwanza.

Zile barua zako za zamani ninazo kwenye kopo la biskuti. Jioni nazitoa, nasoma pale unaponitukana. Hata ile ya kuku. Hiyo ndiyo naisoma zaidi.

Emosi


Ipswich
7 Machi 1999

Nipime,

Kuku wa nani amekuandikia barua ile? Yule wa mwaka jana afadhali, huyu wa sasa ana kigugumizi cha miguu. Na kama mkono wa kushoto ndio huo, basi wa kulia ulikuwa unakustahi tu miaka yote.

Nimemaliza mistari hiyo, nimelia mpaka Merewai ametoka jikoni na mwiko mkononi. Nimempa aisome. 

Nitakwambia nilikuwa naangalia nini kwenye mkeka. Palikuwa na kidoa kidogo cha yaqona, saizi ya mwiba. Nikakiona hicho tu. Nilijua mkono wako ukikutana na wangu nitapiga kelele mbele ya wazee, nikaona aibu yangu ni kubwa kuliko kiu yako. Nilikuacha na mkono juu. Hilo ndilo kosa la pili, na la kwanza nilikuwa nalo tayari. Kila asubuhi kabla ya kazi nakata boksi vipande, nawagawia watu wote karakana, na nawaambia kwa nini bila kucheka. Wananiita Boksi. Umefurahi? Sasa tuko wawili wenye majina ya kijinga.

Sijui kama nitaweza kukucheka kila mara bila kulia. Nimejaribu leo na machozi yamenishinda, lakini nimemaliza ukurasa. Pokea hivyohivyo.

Desemba nakuja tena. Nitakaa kuliani kwako, na samaki utachambua mwenyewe, mvivu mkubwa wewe. Bakuli likikufikia kunywa, kisha inua mkono. Safari hii sitaangalia mkeka.

Boksi